Nyaya Chini ya Mikeka

Mwaka ule vyuo vya kompyuta viliota Makambako kama uyoga. Maghala yaliyokuwa ya mbolea ya ushirika yalipakwa rangi ya samawati, yakabandikwa vibao, yakageuka vyuo. Nikodemo, aliyekuwa amepata mtaji wake kwenye biashara ya mbao, hakutaka kupitwa. Alikwenda Dar es Salaam akarudi na maboksi nyuma ya gari, na kabla hajayafungua akakodi gari la matangazo lizunguke kutoka stendi mpaka Mahongole likipaza sauti: "Chuo cha kwanza Nyanda za Juu Kusini chenye kompyuta zinazozungumza bila waya! Bila waya, wananchi! Njoo ujionee kwa macho yako!"

Wa kuzizungumzisha kompyuta hizo alikuwa Idda.

Alikuwa mwanamke mrefu, mzaliwa wa Mdandu, asiyecheka ovyo. Kwa miaka mingi alikuwa fundi simu mjini Njombe, katika shirika la umma. Alipanda nguzo za simu kwenye ukungu ule wa asubuhi unaogandisha vidole, na wanaume waliokuwa wakimcheka walichoka wakaacha. Kisha shirika likauzwa. Wafanyakazi wakaitwa uwanjani, mkubwa mmoja akawasomea majina ya wanaopunguzwa, na alipomaliza akaomba wapige makofi kwa ajili ya ukurasa mpya. Wakapiga. Idda naye akapiga. Kupunguzwa kazi alikuja kusahau. Alijiandikisha chuo Dar, akasoma mambo ya mitandao ya kompyuta akiwa amekaa na watoto wa rika la wadogo zake. Lakini yale makofi hayakumtoka. Kila alipoyakumbuka alisikia viganja vyake vikimwasha.

Basi Nikodemo alipomwita aje Makambako kuanzisha maabara, alikubali siku hiyohiyo.

Maabara yenyewe ilikuwa chumba kirefu kando ya barabara kuu. Walipanga kompyuta kwa safu, wakachomeka kila moja kadi ndogo ya kunasia mawimbi. Ukutani wakafunga kisanduku cheupe chenye antena mbili kama masikio ya sungura. Hicho ndicho kilichokuwa kinapokea maneno ya kompyuta moja na kuyafikisha kwa nyingine, kwa njia ya hewa, kama redio. Wanafunzi walikiita Sungura. Idda angependa kukifunga katikati ya chumba, ila Nikodemo alitaka kiwe ukuta wa mwisho, chini ya picha yake kubwa, ili mtu anayeingia mlangoni akione kwanza.

"Bosi, mahali pa kifaa hiki panachaguliwa na vipimo, si na macho," Idda alimwambia.

"Mwalimu, biashara inaanzia machoni," Nikodemo alijibu, na msumari ukapigwa pale alipotaka.

Wakaanza kujaribu. Idda hakuwa mtu wa kuwasha na kushangilia. Aliwafundisha wanafunzi kwamba mtandao unaofanya kazi mbele ya meza ya mwalimu tu ni mapambo. Kompyuta ya mbele ilituma faili kubwa kwa kila kompyuta ya nyuma, na kila mwanafunzi alitazama lake likifika. Kisha Salha alichukua laptopu akazunguka nayo chumba kizima, pembeni, chini ya meza, nyuma ya mlango, akisoma kwa sauti vijiti vinavyoonyesha nguvu ya mawimbi: "Vinne, Mwalimu! Vinne! Vitatu hapa kwenye kabati!"

Salha alikuwa binti wa Mzee Halfan, msafirishaji mwenye malori ya mbao na viazi. Sauti yake ilikuwa ya kuita makondakta, na hakuogopa mtu. Mwalimu mwenzake Idda, Yusto, kijana mpole aliyetoka Mawengi na mke mwenye mtoto mchanga, ndiye aliyekuwa akirekebisha kompyuta zilizogoma.

Asubuhi kila kitu kilikwenda kama maji mteremkoni. Lakini mchana mambo yaliharibika. Faili lilifika nusu likasimama. Vijiti vilibaki vinne kwenye skrini, ila kompyuta hazikusikilizana. Baada ya muda zikapona zenyewe, zikafa tena, zikapona. Siku iliyofuata ikawa vilevile, na siku iliyofuata tena.

Yusto alibadilisha kadi. Idda alibadilisha antena. Waliwasha na kuzima mpaka vidole vikaota sugu. Nikodemo alikuwa akisimama mlangoni, funguo za gari zikilia mkononi.

"Jumamosi mchana tunazindua," alisema. "Mgeni rasmi anatoka Njombe, afisa wa elimu. Wazazi wote wanakuja. Nimeshatangaza."

"Ulitangaza kabla hatujajaribu," Idda alisema.

"Na wewe umejaribu vya kutosha. Yusto!" Nikodemo akamgeukia kijana. "Tafuta nyaya. Unganisha hizi mashine kwa nyaya, zipitishe chini ya mikeka, nyingine ndani ya kabati. Mgeni akija, mashine ziongee. Mgeni gani anafunua mikeka?"

Yusto aliangalia viatu vyake.

"Hapana," Idda alisema.

"Hapana nini?"

"Nyaya si dhambi. Mtandao wa nyaya ni mtandao mzuri, mimi mwenyewe ningekufungia. Ila waandikie wazazi kwenye kibao kwamba tunatumia nyaya. Hawa watoto wameambiwa bila waya, wamelipiwa bila waya. Sitasimama mbele ya baba zao niseme kitu kinapita hewani na mimi nakikanyaga kwa mguu."

"Utasimama na utasema," Nikodemo alijibu taratibu, "au Jumamosi hiyohiyo utapanda Coaster urudi kwenu Mdandu ukapalilie viazi."

"Viazi havijawahi kunidanganya," Idda akasema, akarudi kwenye kisanduku chake.

Ijumaa mchana ndipo jawabu lilipopatikana, na lilipatikana kwa njaa ya Salha. Nyuma ya ukuta ule wa mwisho, ukuta wenye picha ya Nikodemo na kisanduku cheupe, kulikuwa na hoteli ya Bi Maua, mama wa Kitanga aliyehamia Makambako tangu barabara ilipowekwa lami. Mabasi ya Mbeya na ya Songea yalisimama pale mchana, abiria wakashuka mbio kula. Salha alitoka na laptopu mkononi, faili likiwa bado linaingia, akapitia mlango wa nyuma kununua sambusa. Bi Maua alichukua sambusa mbili za asubuhi, akazitia ndani ya maikrowevu aliyoletewa na mdogo wake kutoka Dubai, akabonyeza. Mashine ikanguruma. Faili kwenye skrini ya Salha likasimama.

Ting! Mlango wa maikrowevu ukafunguliwa. Faili likaendelea.

"Bi Maua," Salha alisema, "hebu nipashie tena."

"Zitaungua hizi, mwanangu."

"Ziungue. Nitazila."

Mashine ikanguruma, faili likasimama. Salha akarudi maabara akikimbia, sambusa zikiwa zimesahaulika mezani. "Mwalimu! Ni jiko! Jiko la Bi Maua ndilo linalotuua!"

Idda akajipiga paji la uso. Alilisoma jambo hilo Dar, akalipita haraka kwa sababu hakuna aliyefikiri Makambako kungekuwa na maikrowevu: majiko yale hupasha chakula kwa mawimbi ya aina ileile ambayo vifaa vyao vilitumia. Jiko likinguruma, kompyuta zinakuwa kama watu wawili wanaonong'onezana kando ya mashine ya kusaga. Na kisanduku chao kilikuwa kimeegemea ukuta wa jiko lenyewe.

Akaenda kwa Bi Maua. Mama yule aliwaza kuwa anaombwa azime, akaanza kushika kiuno mapema. "Mwalimu, nakuheshimu, lakini abiria wangu dereva anawapigia honi hata hawajatafuna. Sizimi jiko langu kwa ajili ya redio za Nikodemo."

"Usizime, mama," Idda alisema. "Kesho uliwashe zaidi. Mtandao ukishindwa na jiko lako, haufai kuwafundishia watoto wa watu."

Bi Maua alishusha mikono. "Haya makubwa," alisema. "Umeshakula wewe?"

Jioni hiyo, jua likiwa bado juu ya milima, Idda alimkuta Nikodemo uani na kumweleza kila kitu. Kisanduku kihamishwe ukuta wa mbele, mbali na jiko. Kibadilishwe chaneli, kama mtu anavyotoka stesheni yenye mkwaruzo akaenda nyingine. Lakini Nikodemo hakutaka hata kusikia hadi mwisho. Yusto alikuwa ameshalaza nyaya, alizijaribu, zinafanya kazi.

"Nyaya zina uhakika. Dawa yako ina uhakika?"

"Sijaijaribu. Nipe nafasi nijaribu."

"Basi usiguse kitu," Nikodemo alisema. "Hayo ya majiko tutayaona wiki ijayo. Kesho kazi yako ni kutabasamu."

Jumamosi watu walijaa. Wazazi walikuja na nguo za kanisani na kanzu za Ijumaa. Mzee Halfan alikaa mbele, kofia yake imepigwa pasi ikasimama. Afisa wa elimu, mtu wa miwani na sauti ya upole, alikalishwa kwenye kiti chenye kitambaa. Sakafuni mikeka mipya ilitandazwa ukuta kwa ukuta, na kila aliyeingia alivua viatu kwa heshima, bila kujua anachokificha kwa heshima hiyo.

Idda alisimama pembeni. Alikuwa amevaa gauni lake la kijivu. Tangu asubuhi Yusto hakumtazama usoni, na yeye hakumlaumu. Alijua kilio cha mtoto mchanga kinavyopunguza ubishi wa mtu.

Nikodemo alizungumza vizuri, lazima mtu akiri. Alisema kuhusu dunia inayokimbia, kuhusu soko huria, kuhusu mtoto wa mkulima wa Mawengi kuwa sawa na mtoto wa Ulaya. Kisha akanyoosha kidole. Kristina, mwanafunzi wa safu ya mbele, akabonyeza, na picha ya Mlima Kilimanjaro ikatokea kwenye kompyuta zote kwa mara moja.

"Bila waya!" Nikodemo alisema.

Makofi yakalipuka. Wazazi walipiga, afisa alipiga, watoto waliokuwa wakichungulia dirishani walipiga. Nikodemo alimgeukia Idda huku akipiga yeye mwenyewe, macho yakimwambia: na wewe.

Viganja vya Idda vikaanza kuwasha.

Hakuvipiga. Aliinama, akashika ukingo wa mkeka, akaukunja. Akaukunja wa pili. Nyaya zikaonekana, za kijivu, zimelala sambamba kama mijusi juani. Akazikusanya mkononi, akazivuta zote kwa pamoja. Mlima Kilimanjaro ukabaki kwenye skrini, lakini Kristina alipobonyeza picha nyingine, hakuna kompyuta iliyoipokea.

"Samahani, mgeni rasmi. Samahani, wazazi," Idda alisema. "Mmepigia makofi waya. Ulikuwa hapa chini."

"Mwalimu anatania!" Nikodemo alisema akicheka, na hakuna aliyecheka naye. "Yusto, mtoe nje huyu. Kichwa chake kimeshikwa na baridi ya Njombe."

Yusto alipiga hatua moja, akasimama. "Bosi," alisema, "anasema kweli. Mimi ndiye niliyezilaza."

Manung'uniko yakaanza kupanda. Mzee mmoja alisimama na kusema wametapeliwa, mwingine akamwambia mke wake achukue viatu waondoke. Idda akainua mkono.

"Msiondoke! Sikuvuta nyaya ili muondoke. Kisicho na waya kipo. Kinafanya kazi asubuhi na kinashindwa mchana, na jana tumejua kinashindwa na nini. Nataka kukijaribu mbele yenu, sasa hivi. Inawezekana kikashindwa tena. Kikishindwa mtakiona kikishindwa."

Nikodemo alisogea, akajiweka kati yake na kisanduku. "Hiki ni chombo changu. Usikiguse."

"Chombo ni chako," Idda alisema akimtazama machoni. "Jina langu ni langu. Sogea."

Hakusogea. Ndipo Mzee Halfan alipoinuka, taratibu, akikung'uta kanzu. "Bwana Nikodemo," alisema, "mimi lori nikilinunua nalipeleka kwanza mlimani likiwa na mzigo. Silinunui kwa kupigiwa honi. Mwache mwalimu aupande mlima."

Afisa wa elimu naye akavua miwani, akaifuta, akasema yeye ana nafasi ya kutazama. Nikodemo akatazama huku na huku, akatafuta uso wa kuuegemea, asiupate. Akasogea.

Salha alishapanda juu ya meza kabla hajaambiwa. Walikishusha kisanduku kutoka chini ya picha, wakakibeba mpaka ukuta wa mbele, wakakifunga kwenye upau wa dirisha kwa kitambaa cha kichwa alichokivua Kristina. Idda alikaa mbele ya laptopu, akabadilisha chaneli, huku akieleza kila anachofanya kwa maneno ya kawaida: hapa palikuwa na kelele, tunahamia pasipo na kelele. Wanafunzi wakawasha kadi zao, kila mmoja kwenye kompyuta yake.

Nje honi zikalia. Mabasi yalikuwa yameingia. Idda akatoa kichwa dirishani. "Bi Maua! Washa jiko!"

"Limewaka muda mrefu, mama!" sauti ilijibu kutoka uani. "Nina sahani ishirini zinangoja!"

Idda akamwashiria Kristina. Kristina akabonyeza.

Ilikuwa picha ya mbuga za Kitulo zenye maua. Ikaanza kuingia kidogokidogo, mstari kwa mstari, kwenye kompyuta ya karibu, kisha ya pembeni yake. Hapakuwa na aliyepiga makofi. Watu walisogea, wakainama juu ya mabega ya watoto wao. Kompyuta ya Salha ikapata. Ya Lameki, mtoto wa mchungaji wa Makete, ikasita, ikapata. Ukutani, nyuma ya picha ya Nikodemo, jiko lilisikika likinguruma na kulia ting, likinguruma tena, na maua yakaendelea kushuka skrini baada ya skrini.

Kompyuta moja ya pembeni, kando ya kabati la chuma, ilibaki tupu.

"Hiyo je?" afisa aliuliza.

"Hiyo bado," Idda alisema. "Labda kabati, labda kadi. Sijui. Nikisema najua nitakuwa nimerudisha mikeka."

Afisa akaitikia kwa kichwa taratibu, akaandika kitu, hakusema ni nini. Watu wakaenda kula pilau ya Bi Maua, wakibishana kwa sauti.

Nikodemo alimfukuza Idda kabla pilau haijaisha. Alimfuata hadi kwenye sinia, mbele ya wazazi, akamwambia asikanyage tena pale. Idda alimaliza tonge lake, akanawa.

"Umenifukuza kwa sababu ya kweli," alisema. "Mwenzako wa kwanza alinifukuza akanipigisha makofi. Wewe angalau umenipunguzia hilo."

Akabeba begi lake, akapanda Coaster ya Njombe. Salha alimsindikiza hadi stendi, akalia kidogo kwa hasira, akajifuta na ncha ya mtandio.

Mtu angependa kusikia kwamba chuo cha Nikodemo kilikufa. Hakikufa. Kisanduku kilibaki kwenye upau wa dirisha pale Idda alipokifunga, mtandao ukafanya kazi, na mwaka uliofuata Nikodemo akaongeza chumba. Wazazi wengine walisema mwalimu yule mwanamke alikuwa na kiburi, ingekuwa heri angemnong'oneza bosi wake pembeni. Wengine walihamisha watoto wao.

Idda alikodi vyumba viwili Njombe, karibu na soko, juu ya duka la pembejeo. Vilikuwa na baridi ya kufanya kalamu zigome kuandika. Mzee Halfan alimletea Salha mwenyewe, kwenye lori, pamoja na meza mbili za mbao. Wakaja wengine: Lameki, kisha wasichana wawili kutoka Mdandu waliomwamkia "Kamwene" mlangoni kwa aibu, wakidhani kwenye chumba cha kompyuta haifai kuamkiana Kibena.

"Kamwene," aliwajibu. "Ingieni. Mashine haina kabila."

Vifaa alikuwa navyo vichache na vikuukuu, na ukuta wa tofali nene za kuchoma ulikula mawimbi kama mbuzi alaye majani. Siku ya kwanza waliyowasha, kompyuta ya chumba cha pili haikusikia lolote. Walihamisha kisanduku mara nyingi, juu, chini, mlangoni.

Alasiri wakasikia hatua kwenye ngazi. Alikuwa Yusto, koti lina vumbi la safari, mtoto mgongoni mwa mkewe. Alisimama kizingitini, akajikuna shingo.

"Shikamoo, Mwalimu. Nimeacha kule."

"Marahaba. Amekufukuza?"

"Hapana. Nimeacha mwenyewe."

Idda alimtazama sana. Kisha akatazama wale wasichana wa Mdandu, waliokuwa wamesimama na laptopu katikati ya chumba wakisubiri kuambiwa waende wapi.

"Mama, karibu ukae, pana joto kidogo hapa," alimwambia mke wa Yusto. Kisha akamgeukia Yusto: "Wewe nenda chumba cha pili ukasome vijiti. Na useme vilivyo, hata kama hakuna."

Yusto akaenda. Wakasubiri.

"Hakuna!" alipaza sauti kutoka huko.

"Haya," Idda alisema, akikunja mikono ya sweta. "Sogezeni meza. Tunaanza upya."